Unapelekwa Zermatt kuona theluji? Soma hii mbele ya kutoka Goma

Wenye muko na ndugu Ubelgiji ao Ufaransa, kuna Noeli moja watawabeba mpaka Zermatt, kule Uswisi, kijiji cha ski (mchezo wa kuteleza ku theluji na mbao ndefu ku miguu) chenye kiko kama mita 1,600 juu ya bahari. Goma yetu iko kama 1,500, kwa hiyo pumzi haitakukatika, kitu ya kuogopa iko chini ya miguu.

Bota njo neno la kwanza. Na baskete zako za kila siku utaanguka tu, juu theluji yenye watu wamekanyaga mchana, usiku inakuwaka barafu ngumu. Tafuta bota yenye soli iko na meno, na ikupite kidogo vidole vicheze, maana wengi wanavaaka soksi mbili tatu mpaka kiatu kinabana, damu haipiti, vidole vinakufa ganzi. Soksi moja nzito ya sufu inatosha. Tembea hatua fupi fupi, magoti yamelegea, kanyaga na mguu wote, sawa mama mwenye anatoka ziwani na bidon ya maji ku mgongo. Na mikono itoe mu mifuko, ukiteleza utajishika na nini?

Ndani usivae koton, inalowa jasho, ukisimama tu unaanza kutetemeka. Sufu ku ngozi, triko juu yake, kisha koti yenye upepo haipenye, kofia, glavu. Miwani ya jua pia (wacha wacheke), theluji inarudisha mwangaza mu macho, na ngozi nyeusi nayo inaunguaka. Telefone weka mu mfuko wa ndani, baridi inamalizaka bateri.

Gari ya petroli haingii kule, unaiacha Täsch, kijiji cha jirani, unapanda treni dakika 12. Taxi za kijijini ni za umeme, zinakuja kimya kabisa, si kama motari wa kwetu wenye unasikia toka mbali, basi angalia nyuma kila saa. Jua ikitoka kuwa tayari ku daraja la Kirchbrücke, pale unaona mlima Matterhorn, mita 4,478, ncha yake inawaka nyekundu. Kisha pita Hinterdorf, mtaa wa zamani wa kijiji, kuna ghala za mbao za zamani zimesimama ku miguu, na kila mguu uko na jiwe bapa la mviringo ili panya asipande. Kwangu hiyo inapita maduka yote ya saa ya Bahnhofstrasse, barabara kubwa ya kijiji. Mu museum karibu na kanisa wamechunga kamba yenye ilikatika tarehe 14/7/1865, watu 7 wa kwanza kufika juu ya Matterhorn wakiwa wanashuka, 4 wakafa.

Usisimame chini ya paa yenye imebeba theluji nyingi, na usikatize piste ya ski, fuata vibao vya pinki, njo njia ya wenye kutembea. Chokoleti ya moto kunywa mapema, juu jua inajifichaka nyuma ya milima mbele ya saa kumi na moja na ile barafu inaanza tena kuteleza.