Batiki ya njano na buluu kwenye mita 2 za pamba

Ukitaka kujua kama batiki imetengenezwa vizuri, igeuze. Ua likionekana upande mmoja tu, nta haikuzama, na rangi imepenya kwa nyuma. Kwa hiyo usiikimbize hatua ya 2.

1. Kitambaa. Tumia pamba tupu. Poliesta haishiki rangi hizi za vat, yaani rangi zinazoyeyushwa kwa kostiki soda na kemikali ya unga iitwayo haidrosalfaiti. Kichemshe kwa sabuni ya unga dakika 20 kutoa wanga wa kiwandani, suuza, anika, piga pasi.

2. Nta. Yeyusha kwa moto mdogo gramu 700 za mishumaa iliyotolewa tambi na gramu 300 za nta ya nyuki. Mishumaa peke yake hubanduka. Nta ya nyuki peke yake haitoi nyufa nyembamba zinazoipa batiki sura yake. Jaribu kwenye kipande: ikiwa na joto la kutosha, kitambaa kinakuwa kama kimelowa mafuta, pande zote mbili. Ikibaki nyeupe juu juu, imepoa. Ikianza kutoa moshi, epua. Ikishika moto, funika sufuria kwa mfuniko na uzime jiko. Usimwagie maji kamwe, yatarusha moto.

Chovya muhuri wa sponji (sponji iliyokatwa umbo la ua) kwenye nta, ukamue kidogo ukingoni mwa sufuria, gonga kwenye kitambaa. Sehemu hizi zitabaki nyeupe.

3. Rangi ya njano. Vaa glavu na miwani, fanyia kazi nje. Beseni liwe la plastiki, kwani kostiki soda hula alumini. Weka vijiko 2 vya chakula vya kostiki kwenye nusu lita ya maji baridi. Kostiki ndiyo iingie kwenye maji, si maji kwenye kostiki. Kwingine koroga kijiko 1 cha rangi kwa nusu lita ya maji ya moto. Changanya, tia vijiko 2 vya haidrosalfaiti, koroga taratibu, acha dakika 15. Kisha ongeza lita 4 za maji baridi.

Usishtuke njano ikionekana buluu au zambarau ndani ya beseni. Rangi yake halisi hutokea kitambaa kikipata hewa. Lowesha kitambaa kwa maji baridi, kizamishe dakika 15 ukikigeuzageuza, kisha kitandaze kivulini nusu saa. Suuza, kausha kabisa. Kikibaki na unyevu, nta ya pili haitashika.

Mabaka hutokana na kitambaa kilichokunjamana beseni likiwa dogo. Nta ikiteleza, maji yalikuwa na moto: kostiki ya moto huila nta ya nyuki.

4. Nta ya pili, kisha buluu. Gonga nta panapotakiwa kubaki njano. Ukitaka nyufa, chovya kitambaa kwenye maji baridi sana ukifinyange kidogo. Andaa buluu kwa vipimo vilevile. Palipo wazi patakuwa kijani. Haidrosalfaiti hulegeza njano iliyo wazi, hivyo njano ya kwanza iwe imekolea.

5. Kutoa nta. Chemsha kitambaa kwenye maji mengi yenye sabuni, ukikizungusha kwa mti. Nta huelea, kihamishie kwenye maji mengine ya moto kabla haijapoa, la sivyo itakirudia. Maji yakipoa, okota nta iliyoganda, ikaushe vizuri, itumie tena. Haidrosalfaiti iliyobaki ifunge mahali pakavu: ikipata unyevu hujipasha moto hadi kuwaka.