Chagua kituo kabla ya hoteli: pa kulala Dubai kwa anayetoka Mtwara au Lindi mara ya kwanza

Mtwara mjini, ukikosea mtaa wa kulala hasara yake ni nauli ya bajaji. Umechukua chumba Shangani, shughuli zako zote ziko sokoni, unaita bajaji na mambo yanaendelea. Dubai kosa hilohilo linakula siku nzima. Kutoka Deira, upande wa mji wa zamani, hadi Dubai Marina ni kama kilomita 35. Huo ni zaidi ya mara tatu ya mwendo wa Mtwara mjini hadi Mikindani, na huko kote matangazo ya vyumba yanapaita "Dubai". Kwa hiyo usianze na hoteli ipi nzuri wala ipi rahisi. Anza na hili: asubuhi nikitoka mlangoni, nitapanda nini?

Tumechukua Dubai kwa kirefu kwa sababu kutoka Dar ndege za moja kwa moja zipo, na mitego yake utaikuta katika miji mingi mikubwa. Nairobi na Istanbul tutazigusa baadaye.

Kaa na karatasi kwanza

Kabla ya kufungua programu yoyote ya vyumba, andika sehemu tano au sita ambazo ni lazima ufike. Usiandike zile unazotamani tu. Zitafute kwenye ramani, kisha mbele ya kila moja andika kituo cha metro, yaani treni ya mjini, kilicho karibu.

Metro ya Dubai ina njia mbili. Nyekundu, iliyoanza 2009, inatoka uwanja wa ndege, inapita Deira na Bur Dubai, pande mbili za mji wa zamani, halafu inafuata barabara ya Sheikh Zayed hadi upande wa Marina. Kijani, iliyoanza 2011, inazunguka mji wa zamani, kwenye masoko ya dhahabu na viungo. Njia hizi zinakutana vituo viwili tu: Union na BurJuman. Ukilala karibu na kimojawapo, njia zote mbili unazo mlangoni kwako bila kubadilisha treni.

Kwa safari ya kwanza tunapendekeza duara dogo: Union, Al Rigga, Baniyas Square au BurJuman. Al Rigga ni kituo kimoja kabla ya Union ukitoka uwanja wa ndege, hivyo unapanda mara moja na kushuka mara moja na mabegi yako. Baniyas Square kuna kubadilisha treni Union, lakini kutoka pale masoko ya Deira unayafikia kwa miguu. BurJuman iko ng'ambo ya mkono wa bahari unaoukata mji wa zamani. Mkono huo unauvuka pia kwa boti ndogo ziitwazo abra, kwa dirhamu 1 (dirhamu ndiyo pesa ya huko). Vyakula ni vingi na nafuu pande zote mbili: pilau, mkate wa tanduri, nyama za kuchoma, vya Kihindi na vya Kipakistani. Aliyezoea chakula cha pwani yetu hatapata shida.

Marina na maeneo ya ufukweni yanapendeza kwa macho. Lakini bahari nzuri ipo Mikindani, ipo Kilwa. Siku zako nne za Dubai zitumie kwa kile ambacho nyumbani hakipo.

Mita 300 za kwenye ramani

Tangazo likisema "mita 300 kutoka kituoni", usiliamini mpaka uwe umelipima mwenyewe. Mara nyingi hiyo ni kwa mstari ulionyooka, kama ndege arukavyo. Barabara ya Sheikh Zayed ina njia nyingi za magari kila upande, na hakuna mtu anayeivuka kwa miguu chini. Unapita juu, kwenye daraja la kituo. Hoteli unayoiona kwa macho kutoka dirisha la treni inaweza kukugharimu dakika ishirini za kuzunguka. Fungua ramani, weka mlango wa hoteli na mlango wa kituo, chagua mwendo wa miguu, soma dakika. Zikizidi kumi, achana nayo, hasa kuanzia Juni hadi Septemba, joto linapopita nyuzi 40 mchana.

Nauli ya metro kwa kadi ya kawaida ni dirhamu 3 hadi 7.50 kwa safari kulingana na umbali. Kadi yenyewe, iitwayo Nol, unainunua kituoni kwa dirhamu 25, na ndani yake kuna 19 za kutumia. Kuna behewa la wanawake na watoto lililowekewa alama, na mwanamume akiingia humo anatozwa faini. Kila abiria anaruhusiwa begi moja kubwa na moja dogo. Kwa hiyo siku ya kurudi, ukiwa na maboksi ya bidhaa, hesabu teksi tangu mwanzo.

Vyumba vya bei ya kutupa

Ukipanga orodha kuanzia bei ya chini, vya kwanza kutokea mara nyingi ni vya Sharjah. Sharjah ni mji jirani wenye utawala wake, na metro haifiki. Foleni ya asubuhi kuingia Dubai na ya jioni kutoka ni nzito, na teksi ya Dubai ikivuka kwenda Sharjah inaongeza dirhamu 20 juu ya mita. Rahisi inageuka ghali siku ya pili tu. Wa kulala Sharjah ni yule ambaye shughuli yake iko Sharjah.

International City nayo ina vyumba vya bei ya chini na iko jirani na Dragon Mart, soko kubwa la bidhaa za China. Ukienda kununua bidhaa huko tu, lala hapo. Ukitaka pia kuuona mji, patakutesa, kwa kuwa treni haipiti.

Aina ya tatu ni kitanda kimoja ndani ya fleti iliyogawanywa kwa mbao, kinachotangazwa kwenye makundi ya simu. Hapa hatuna ushauri wa katikati: usichukue. Ugawaji huo bila kibali ni kosa, manispaa inavikagua vyumba hivyo, na mgeni wa siku nne ndiye wa kwanza kujikuta nje na begi lake.

Saa na tarehe

Hapa ndipo wageni wengi hukwama, na Kiswahili chetu kinachangia. Karatasi ya hoteli ikiandika 14:00, hiyo ni saa nane mchana. Kuingia chumbani huwa saa nane au tisa, kutoka ni saa sita mchana. Hilo ni jepesi. Gumu ni usiku.

Chukua mfano wa ndege inayoondoka Dar saa kumi na moja jioni. Angani ni kama saa tano na nusu, na saa za Dubai zimetangulia za kwetu kwa saa moja. Unatua saa tano na nusu usiku kwa saa za kule. Ongeza foleni ya pasipoti na kusubiri mabegi: unatoka nje saa saba kasoro, na tarehe imeshageuka. Treni za mwisho ni karibu na saa sita usiku (Ijumaa saa saba), na Jumapili asubuhi huanza saa mbili. Basi bajeti ya usiku wa kwanza ni teksi. Mita ya teksi ya uwanja wa ndege huanzia dirhamu 25, na Deira ni karibu. Jengo la 2 la uwanja huo halina kituo cha metro hata mchana, kwa hiyo soma tiketi yako uone unashukia jengo gani.

Sasa tarehe. Tiketi inasema unafika tarehe 15 saa 00:40. Ukikata chumba kuanzia tarehe 15, chumba chako kinaanza tarehe 15 saa nane mchana. Utakaa kwenye kiti cha mapokezi kwa muda wa kama saa kumi na mbili. Kata kuanzia tarehe 14. Halafu waandikie hoteli kabla hujasafiri: namba ya ndege, kwamba utafika mapokezi kama saa 02:00 ya tarehe 15, na wakishike chumba. Usipoandika, wanaweza kuhesabu kwamba hukuja, wakafuta siku zote ulizokata na kuchukua hela ya usiku wa kwanza.

Bei unayoiona na bei utakayolipa

Hoteli za Dubai huongeza ada ya huduma asilimia 10, ada ya manispaa asilimia 7 na VAT asilimia 5. Juu ya hapo kuna ada ya utalii ya dirhamu 7 hadi 20 kwa chumba kwa usiku, kulingana na daraja la hoteli, na hiyo mara nyingi hulipwa mapokezi hata kama ulishalipa mtandaoni. Chumba cha dirhamu 150 kabla ya ada kinaishia 190 au zaidi. Kwa siku nne, 600 uliyoipangia imekuwa 760 au zaidi. Linganisha vyumba kwa bei iliyojumlisha kila kitu, la sivyo unalinganisha embe na korosho.

Kuna pia amana. Mapokezi watataka kushikilia kiasi fulani, mara nyingi dirhamu 100 au zaidi, na wengi wanataka kadi ya kushikika yenye jina lililo kwenye pasipoti. Kadi ya mtandaoni ya kwenye simu inaweza kulipia chumba lakini ikakwama hapo. Uliza mapema kama wanapokea amana taslimu, na ukitoa taslimu chukua risiti. Amana iliyoshikwa kwenye kadi ya benki huchukua siku kadhaa kurudi, kwa hiyo usiihesabu kwenye hela ya kununulia vitu.

Msimu nao una lake. Hela ya korosho huingia kuanzia minada ya Oktoba kwenda mbele, na Novemba hadi Machi ndiyo miezi ya hali ya hewa nzuri Dubai, bei zikiwa juu. Wiki ya mwisho ya Desemba hadi Mwaka Mpya epuka kabisa kama unaweza.

Kusoma maoni ya waliolala

Panga maoni kuanzia mapya, kisha soma yenye alama za chini. Yanayolalamikia kifungua kinywa yapuuze. Tafuta mambo manne: kelele, kiyoyozi, dirisha na lifti. Baadhi ya hoteli za daraja la kati Deira na Bur Dubai zina kumbi za muziki ndani ya jengo hilohilo, na vyumba vya ghorofa za chini havilaliki. Ukisafiri na watoto au wazazi, hilo peke yake litoshe kukufanya uendelee kutafuta. Vyumba visivyo na dirisha vipo, na picha hazisemi. Familia ya watu wanne itafaidi zaidi fleti ya hoteli yenye jiko.

Viza, barabara na pesa isiyorudi

Mtanzania anahitaji viza ya Dubai kabla ya kupanda ndege. Mpaka itoke, chukua tu chumba kinachoruhusu kufuta bila kukatwa, na angalia mwisho wa kufuta ni saa ngapi kwa saa za huko. Kama wakala amekukatia, omba namba ya hoteli na namba ya uthibitisho, uwaulize hoteli wenyewe kama jina lako lipo.

Barabara ya Kusini pia iingie kwenye hesabu. Mei 2024 mafuriko yaliikata Somanga, na abiria wa Lindi na Mtwara wakakwama. Miezi ya masika usipange kushuka basi na kupanda ndege siku hiyohiyo. Lala Dar usiku mmoja, na chumba hicho kitafute upande wa barabara ya Nyerere, si Kariakoo, ili asubuhi foleni isikushike.

Nairobi na Istanbul

Kwenda Nairobi Mtanzania hahitaji viza, lakini hakuna metro, kwa hiyo kanuni inageuka: lala mtaa uleule wenye shughuli yako. River Road ni nafuu na karibu na mabasi, ila honi hazilali. Mji uko juu sana kutoka usawa wa bahari, na Julai ni baridi kwa mtu wa pwani. Uliza maji ya moto na blanketi la pili.

Istanbul ina viwanja viwili vya ndege, kimoja upande wa Ulaya na kingine, Sabiha Gökçen, upande wa Asia. Kwanza jua utatua kipi. Kwa wanunuzi wa nguo, mitaa ya Laleli na Aksaray iko kwenye njia ya tramu ya T1, ambayo inafika pia Sultanahmet yenye misikiti mikubwa. Kata chumba kabla hujaondoka nyumbani, kwa sababu ukiwa ndani ya Uturuki, Booking.com, mtandao wa kukatia vyumba, haikuuzii hoteli za nchi hiyo.

Siku moja kabla ya safari, andika kwenye karatasi jina la hoteli kwa Kiingereza na kwa lugha ya huko, mtaa, kituo cha karibu na namba ya simu ya mapokezi. Iweke ndani ya pasipoti. Simu ikizima saa saba usiku, utampa dereva karatasi hiyo.