Mtoto akirudishwa nyumbani juu ya pesa: fanya hivi, mzazi

Mwaka jana temu ya pili kijana wangu wa Gredi 4 alirudi nyumbani saa tatu asubuhi, bado nilikua nafua, akasimama mlangoni na begi mgongoni akaniambia mama, tumetolewa, wale wote hawajalipa pesa ya karatasi za mtihani. Shilingi 350. Nikajifunga leso nikatoka hivo hivo mpaka geti ya shule, nikapigia soja kelele, na maskini si yeye alimtoa, halafu nikarudi nyumbani na mtoto. Alikaa siku tatu. Hizo siku tatu ndizo zimenifanya niandike hii kitu, sababu baadaye nilikuja kujua kumbe ile siku ya kwanza sheria ilikua upande wangu kabisa, ya pili na ya tatu nilikua nimeanza kuivunja mimi mwenyewe.

Wacha nieleze polepole. Sheria yenyewe hapa Kenya inaitwa Sheria ya Elimu ya Msingi, ya 2013, na imesimama juu ya Katiba ya 2010, kifungu cha 53, penye imeandikwa kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Wengi wetu tulisikia hapo kwa bure, tangu 2003 wakati Kibaki alifungua shule za msingi bila karo tukajua ni bure basi. Lakini hilo neno lingine, lazima, ndio linatushika sisi wazazi, nitalirudia huko chini.

Tuanze na pesa juu ndio inafukuza watoto wengi hapa Nairobi. Kifungu cha 29 cha hii Sheria ya Elimu kinasema shule ya umma hairuhusiwi kulipisha ada ya masomo. Kuna malipo mengine yanaweza kuitishwa, lakini mpaka Waziri wa Elimu akubali baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na hata yakikubaliwa, hakuna mtoto anafaa kukatazwa kuingia shule ati hayajalipwa. Soma hapo mara mbili. Hata kama pesa ni halali. Deni ni lako wewe mzazi, mtoto abaki darasani. Tena mtu yeyote anakusanya hizo pesa lazima akupe risiti rasmi, si jina kuandikwa nyuma ya kitabu cha mwalimu, na si ile ya tuma kwa M-Pesa ya mwakilishi wa darasa halafu hakuna mtu anaulizwa. Na kuchukuliwa shule ya umma hakulipishwi, kifungu cha 32, kwa hivyo mtu akikuambia nafasi iko lakini kuna kitu kidogo ya kuandikisha mtoto, hiyo ni kinyume cha sheria. Kumfanyia mtoto intaviu ndio waamue kama watamchukua pia hairuhusiwi, mtihani unaoruhusiwa ni ule wa kujua aingie darasa gani.

Lakini niseme pia upande wa walimu wakuu maana nimekaa nao kwa mikutano na si watu wabaya. Serikali hutuma shilingi 1,420 kwa kila mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka mzima, gawa na temu tatu upate kama 473, hapo kuna vitabu, chaki, stima, maji, soja, na mara nyingi hiyo pesa inachelewa. Kwa hivyo ukienda kwa ofisi usiende kama unaenda kukamata mwizi. Nenda ukijua huyu mwalimu amebanwa, na ujue pia kubanwa kwake hakumpi ruhusa ya kufungia mtoto wako geti.

Sasa siku yenyewe ikifika, fanya hivi. Mtoto akirudi nyumbani, mpe chai kama hajakunywa, muulize polepole ni nani alimtoa, alisema nini, wangapi wametolewa, uandike na tarehe na saa. Halafu murudishe shule siku hiyo hiyo, uende naye mkono kwa mkono, usingoje kesho. Na ubebe barua. Najua kuandika barua kunaonekana kama mambo ya mawakili lakini maneno ya getini yanaisha hapo hapo getini, barua inabaki kwa faili na lazima mtu aijibu. Yangu ilikua fupi tu, unaweza kuichukua ubadilishe:

Kwa Mwalimu Mkuu. Mimi ni mzazi wa fulani, Gredi 4. Leo tarehe fulani mtoto wangu amerudishwa nyumbani kwa sababu ya shilingi 350. Naomba shule inijulishe kwa maandishi pesa hii ni ya nini, nani aliiidhinisha, na risiti inatolewa na ofisi gani. Kulingana na kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, mtoto hafai kuzuiliwa kuhudhuria masomo kwa kukosa kulipa, kwa hivyo nimemrudisha darasani leo. Kama kuna deni halali niko tayari tukubaliane jinsi nitakavyolipa. Asante.

Jina, sahihi, namba ya simu. Toa nakala mbili, fotokopi ni shilingi chache tu, moja unaacha, ingine unaomba sekretari aigonge muhuri wa kupokelewa na tarehe. Akikataa kugonga muhuri usigombane naye, andika tu kwa nakala yako nimeileta saa mbili na nusu, imepokewa na sekretari, halafu upige picha utume kwa namba ya mwalimu mkuu ndio ibaki kwa simu. Ukiongea ongea kwa heshima, habari ya asubuhi madam, nimeleta mtoto na nimeleta barua. Mimi nilienda na barua siku ya nne, nikiwa nimechelewa hivo, na deputy aliisoma akasimama akampeleka kijana darasani yeye mwenyewe. Ile kelele yangu ya Jumatatu haikua imefanya hivo.

Wakikataa, panda ngazi, na usiruke hata moja juu kila ofisi itakuuliza ile ya chini ilisema nini. Kwanza mwakilishi wa wazazi wa darasa lenu, maana kisheria kila shule ya umma ina chama cha wazazi na kila mzazi mwenye mtoto pale ni mwanachama, hulipii kujiunga. Kutoka hapo ni bodi ya shule, na huko wazazi tuna watu wetu. Halafu mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, na hapa watu hupotea sana, unaenda ofisi iliyo karibu na kwako kumbe shule iko chini ya ingine, kwa hivyo uliza shule iko kaunti ndogo gani, Njiru, Kasarani, Kamukunji, Makadara, ndio uende huko na nakala zako zote. Juu yao kuna ofisi ya elimu ya kaunti, halafu wizara yenyewe pale Jogoo House, Harambee Avenue. Na kama kila ofisi inakuzungusha tu bila kukujibu, kuna Tume ya Haki ya Utawala, kazi yao ndio hiyo kabisa, kushughulikia ofisi za serikali zinazonyamazia wananchi. Wengi hawafiki hata ngazi ya tatu. Barua yenye muhuri ikishaingia kwa mkurugenzi simu huanza kulia shuleni.

Sasa nirudi kwa lile neno lazima, na hapa mzazi mwenzangu tusikilizane. Kifungu cha 30 kinasema kila mzazi lazima ahakikishe mtoto wake anaenda shule ya msingi na sekondari, na anaenda kila siku, si leo ndio kesho hapana. Ukikosa ni kosa la jinai, faini isiyozidi shilingi 100,000 au jela isiyozidi mwaka mmoja au zote mbili. Mwalimu mkuu naye ana wajibu wa kuchunguza mtoto asiyeonekana darasani na kumwandikia mzazi notisi kama hakuna sababu ya maana. Kwa hivyo ukimfungia mtoto nyumbani ili kukomoa shule, barua itakayokuja ni ya kukuuliza wewe. Na zile za kumwambia msichana abaki achunge mtoto mdogo kwa sababu unaenda Gikomba alfajiri, au kijana akae kibandani auze mayai na smokie siku za shule, naongea kwa uchungu juu naziona hapa kwetu kila wiki, hizo pia ziko hapo. Anayeandika kazi mtoto wa umri wa shule mpaka akose masomo anaweza kupigwa faini ya hadi milioni 5.

Kuna wababa wanasema mtoto ako kwa mamake, hiyo si shida yangu. Katiba kifungu cha 53 inasema mama na baba wana jukumu sawa la kulea na kulinda mtoto, wameoana hawajaoana, na Sheria ya Watoto ya 2022 inakazia hapo hapo. Mama, kama baba amekataa kusaidia, usiende kumpigia kelele kazini kwake. Enda ofisi ya watoto ya kaunti ndogo yako, haina malipo, beba cheti cha kuzaliwa na risiti za shule, watamwita mkae chini mwandike makubaliano, na akikataa kuja au akikubali halafu asilipe, hiyo karatasi inakufungulia njia ya kwenda mahakama ya watoto pale Milimani.

Cheti cha kuzaliwa niseme haraka tu: anza kutafuta mapema kwa eCitizen, usingoje mpaka mtoto asajiliwe kwa mitihani ya KNEC, lile baraza la mitihani ya taifa, ndio uanze kukimbia kimbia.

Kuchapa. Viboko vilitolewa shuleni mwaka wa 2001, na kifungu cha 36 cha hii sheria ya 2013 kinakataza adhabu ya mwili na pia mateso ya akili, yaani hata kumuita mtoto ng'ombe mbele ya wenzake kila siku mpaka aogope shule. Adhabu yake ni faini isiyozidi 100,000 au jela isiyozidi miezi sita au zote. Najua wako wazazi humwambia mwalimu mchape, nimekuruhusu. Huna hiyo ruhusa ya kumpa. Mtoto akiumizwa, hospitali kwanza upate karatasi ya daktari, piga picha, ripoti polisi uchukue namba ya OB, yaani namba ya ripoti yako kwa kitabu cha kituo, halafu barua kwa shule na ingine kwa TSC ambao ndio waajiri wa walimu wa shule za umma. Ukiwa umechanganyikiwa hujui pa kuanzia, piga 116, ni laini ya kusaidia watoto, haikatwi kredo na hujibu mchana na usiku, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Kumfanya mtoto arudie darasa hakuruhusiwi, na kumfukuza shule kabisa pia hakuruhusiwi ila kwa utaratibu, njia zingine zote za kumrekebisha ziwe zimeisha na mtoto pamoja na mzazi wake wawe wamepewa nafasi ya kusikilizwa. Ukipigiwa simu ati kuja uchukue mtoto amefukuzwa, uliza mlikaa lini, nani alisikiza upande wake, na uombe uamuzi kwa maandishi. Hapa Nairobi 2019 kulikua na msichana Mrasta wa shule moja ya Kibra aliyetolewa juu ya nywele zake, familia ikaenda Mahakama Kuu, na mwezi wa tisa mwaka huo huo jaji akasema kumtoa ilikua kuvunja haki zake, aachwe asome. Kesi ya miezi yote hiyo kwa sababu ya nywele, lakini alishinda.

Msichana akipata mimba pia haki yake ya kusoma haiishi. Serikali ina sera ya kuwarudisha shule tangu 1994, na 2020 ikatoa mwongozo mpya. Hasira ni sawa, mimi pia ningelia, lakini usimwambie masomo yake yameisha juu hakuna sheria inasema hivo.

Hii yote ya karo nimesema ni ya shule za umma. Ile academy ya hapo mtaani ni ya binafsi, hata ikiwa ya mabati, wana haki ya kuitisha karo na mtakubaliana kivyenu, lakini kuchapa na kutesa watoto ni marufuku huko pia, na risiti bado uitishe. Kama karo imekushinda, kumhamisha hadi shule ya umma si aibu, na shule za msingi za umma za hapa Nairobi mtoto anaweza kupata lanchi ya Dishi na Kaunti kwa shilingi 5.

Mkutano wa wazazi ukiitwa, enda. Hizi pesa za karatasi, tuisheni, sijui motisha ya walimu, huwa zinapitishwa siku hiyo watu wakiwa kumi na tano, halafu mnaambiwa wazazi walikubali. Kwetu ile 350 ilipitishwa hivo. Tuisheni ya likizo hata mkikubali wote kwa kauli moja bado ni kosa, kifungu cha 37. Ukifika keti mbele, uliza kila pesa inaidhinishwa na nani na risiti iko wapi, na uombe swali lako liandikwe kwa minitsi, halafu mkutano ujao waambie wazisome.