SOMO: Kujenga banda la ndege la kutembea ndani, kwa mazingira ya Tabora

Wadau salama? Wengi mmeuliza kuhusu banda la ndege la kuingia ndani, lile ambalo mgeni anatembea katikati na ndege wanaruka juu yake bila waya kati yao, basi leo naandika lote, ni refu kidogo mnivumilie. Walioenda Afrika Kusini wanaijua Birds of Eden kule Plettenberg Bay, ilifunguliwa 2005 na wavu wake umefunika msitu wa hekta 2.3 hivi. Sisi hatuhitaji hekta, mita 6 kwa 10 zinatosha kuanzia, ila kanuni ni ileile: ndege awe na sehemu ya kukukimbia. Ukimnyima hiyo hakuzoei hata umlishe nini, atajigonga kwenye waya mpaka aumie.

HATUA YA 1: Ndege gani
Kabla hujanunua hata msumari pita kwa afisa wanyamapori wa wilaya au TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori) uulize vibali, maana ndege wa porini yuko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, humkamati tu ukamweka bandani. Na hapa naomba tuelewane kuhusu cherero, wale kasuku wadogo wa kijani, kichwa cha chungwa, mdomo mwekundu, jicho limezungushiwa duara jeupe. Huko Ulaya watu wanalipa kiingilio kuwaona kama ndege wa ajabu kumbe kwao ni huku, Nzega, Singida, Ukerewe mpaka Serengeti. Miaka ya 1980 walikamatwa na kusafirishwa kwa maelfu mpaka wakapungua porini. Jamani waacheni kwenye mibuyu yao. Nunua waliozaliwa bandani: bajerigari na kokateili (kasuku wadogo, asili yao Australia), tausi wa India, njiwa wa mapambo. Dai karatasi za muuzaji.

HATUA YA 2: Nguzo na waya
Mchwa wa Tabora mnawajua, nguzo ya mti ukiichimbia tu msimu wa pili imeliwa. Weka bomba la chuma kwenye zege. Waya tundu lisizidi nusu inchi, panya na nyoka wapite wapi, halafu uzamishe chini ya ardhi sentimita 30 hivi kuzunguka banda lote. Waya mpya wa kung'aa una zinki, ambayo ni sumu kwa ndege, na kasuku hutafuna kila kitu, kwa hiyo usugue kwa brashi na siki, suuza, acha ukae mvuani au umwagie maji siku kadhaa. Upande wa nje ukipaka rangi nyeusi na ikakauka kabisa utaona ndani vizuri zaidi, waya unaong'aa unasumbua macho.

HATUA YA 3: Milango miwili
Hapa ndo watu wanapenda kubana matumizi, na hapa ndo ndege wanapoondokea. Jenga kachumba kadogo cha mita moja na nusu hivi, mlango wa nje na wa ndani, mtu aingie, afunge wa nyuma, ndo afungue wa mbele. Yote ifunguke kuelekea ndani na iwe na springi ijifunge yenyewe maana mtoto hakumbuki kufunga. Mlango wa ndani uwe mfupi, mtu mzima ainame, kwa sababu ndege akishtuka anaruka juu, hashuki chini, kwa hiyo juu ya mlango anakutana na waya sio uwazi. Tundika na kioo hapo kachumbani mgeni ajiangalie mgongoni kabla ya kutoka, bajerigari anakaa begani na wewe hujui.

HATUA YA 4: Ndani
Njia ya wageni ipite upande mmoja, isizunguke katikati. Upande wa pili ni wa ndege peke yao, vichaka, kivuli, matawi ya mpera na mwembe ya unene tofauti ili miguu isichoke. Mparachichi USIPANDE, majani na tunda lake ni sumu kwa ndege. Chakula (ulezi, uwele, mtama, mchicha) kiwe mbali na mlango. Maji badilisha asubuhi na mchana, Septemba na Oktoba jua letu halina huruma, robo ya paa iwe makuti.

HATUA YA 5: Wageni
Watu watano watano inatosha. Wasimame kwanza dakika kadhaa bila kusogea, mwenye subira ndo anafuatwa. Wote wanawe mikono wakitoka.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Urambo: Shikamoo kaka, naweza kuchanganya tausi na kuku wa kienyeji?
Jibu: Marahaba. Hapana mdogo wangu. Kuku hubeba vimelea vinavyoshambulia ini la tausi, kuku mwenyewe anaonekana mzima kabisa, na vinakaa kwenye udongo muda mrefu. Hata pale walipokuwa kuku usiweke tausi. Na kuku wa nje wachanjwe mdondo, ile ya tone la jicho, kila miezi mitatu.

Kutoka Nzega: Bajerigari wangu wawili wamejivimbisha manyoya, hawali, waya nimefunga juzi.
Jibu: Pole dada. Watoe humo leo hii, weka sehemu yenye joto, muite daktari wa mifugo umwambie kuhusu huo waya mpya. Ndege huficha ugonjwa, ukiona amevimba manyoya mchana kweupe ujue hali si nzuri, usisubiri kesho.

Kutoka Sikonge: Kokateili katoroka, yuko juu ya mwembe wa jirani, nifanyeje mkuu?
Jibu: Usimkimbize wala kumrushia kitu. Mtoe nje mwenzake akiwa ndani ya tundu dogo, mweke chini ya huo mwembe aite, na chakula pembeni kwenye tundu jingine lililo wazi. Jioni hii na kesho alfajiri ndo muda wake wa kushuka, njaa na sauti ya mwenzake vitamleta. Waambie na watoto wa jirani waweke manati chini.