Kuangalia ndege Extremadura, Hispania, majira ya kuchipua

Nenda kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Mei. Beba darubini ya 8x42 (hukuza mara 8, lenzi ya mm 42), na teleskopu ya 20–60x yenye miguu mitatu kama unayo.

Anzia nyanda za Trujillo na Cáceres. Katikati ya Aprili jua huchomoza karibu saa mbili kasorobo, basi uwe umefika kabla. Tandawala (ndege mkubwa wa nyanda) dume hujitunisha na kugeuza manyoya yake hadi aonekane kama rundo jeupe. Tafuta weupe huo katika nyasi fupi. Usishuke garini: tandawala huzoea gari likisimama, lakini mtu anayetembea humkimbiza, tena wakati wa kupandana. Lango la shamba liache ulivyolikuta. Kufikia saa nne joto la ardhi huitetemesha picha, na kuongeza ukuzaji huzidisha tatizo. Hapo ondoka.

Saa hiyo ndiyo nzuri milimani. Huko Monfragüe, hifadhi ya taifa, tumbusi husubiri hewa ipate joto ndipo wapae. Simama Salto del Gitano, ukikabili mwamba wa Peña Falcón, ukague kingo na mianya ya mwamba kwa teleskopu: korongo weusi hutaga humo. Tai wa kifalme wa Hispania mtafute Portilla del Tiétar, na uwe na subira ya saa nzima walau.

Bwawa la Arrocampo liache hadi jioni, jua likiwa mgongoni mwako. Kulastara wekundu hujificha kwenye matete. Tega sikio kwanza.