Kutoka Uwanjani Hadi Benchi: Jinsi Mchezaji wa Kikapu Anavyojiandaa Kuwa Kocha Mkuu

Mchezaji aliyecheza kikapu cha kulipwa kwa miaka 12 ameshaona karibu kila kinachoweza kutokea uwanjani. Shida ni kwamba ameyaona kwa mwili. Anajua sekunde hasa ambayo beki anamwacha mtu wake akimbilie kusaidia, lakini mwambie amfundishe kijana wa miaka 20 namna ya kuitambua sekunde hiyo, atajibu, "Utaona tu." Kocha mkuu hana ruhusa ya kujibu hivyo. Kazi yake ni kugeuza kile ambacho mwili unakijua kiwe maneno machache, kisha ayapangie maneno hayo muda wake, na muda wenyewe umehesabiwa.

Anza jezi ikiwa bado mwilini

Misimu miwili au mitatu ya mwisho ndiyo shule ya bei rahisi kuliko zote. Weka daftari. Baada ya kila mechi andika mambo matatu tu: mfumo gani wapinzani waliutumia walipohitaji kikapu kwa lazima, kocha wenu alibadilisha nini baada ya mapumziko ya nusu, na badiliko hilo lilileta nini. Hisia zako kuhusu dakika ulizonyimwa ziache nje ya daftari.

Kabla hujapewa ripoti ya wapinzani, tazama mechi zao mbili uandike ya kwako. Kisha linganisha na ya makocha wasaidizi. Mahali zinapotofautiana ndipo pa kuuliza maswali, na wasaidizi wengi hufurahi kuulizwa. Ukiumia, usikae jukwaani na familia. Kaa karibu na msaidizi anayeshughulikia ulinzi, ujaribu kubashiri mabadiliko kabla hayajafanyika: robo ya tatu, zimebaki dakika 6, anatoka nani, anaingia nani? Ukikosea mara tano mfululizo, kuna jambo kocha analiona ambalo wewe hulioni.

Husemwa kwamba mchezeshaji, yaani anayeongoza mashambulizi ya timu, ndiye pekee anayezaliwa na macho ya kocha. Si kweli kabisa. Mchezaji mrefu aliyetumia miaka akiweka skrini (kusimama njiani mwa beki ili mwenzake apate nafasi) juu ya mstari wa pointi tatu amekuwa akiutazama uwanja mzima kutoka mahali pazuri.

Suala la cheti lishughulikie mapema. Mashirikisho mengi yana kozi za ngazi kwa ngazi, na ngazi ya juu haichukuliwi kwa wiki moja. Anayesubiri mpaka apate ofa huikosa kwa sababu ya karatasi.

Njia ya mkato ina gharama yake

Jina kubwa hufungua mlango haraka. Jason Kidd aliacha kucheza Juni 2013 na siku chache baadaye akawa kocha mkuu wa Brooklyn Nets, timu ya ligi ya Marekani, NBA. Novemba mwaka huo, timu yake ikiwa imeishiwa mapumziko ya kuomba dakika za mwisho, mchezaji wake alimgonga, kinywaji alichoshika kikamwagika uwanjani, na mechi ikasimama ili sakafu ifutwe. Ligi iliona amekimwaga makusudi ili apate muda, ikamtoza faini ya dola 50,000. Kiini cha kisa kile ni hesabu ya mapumziko, kosa ambalo kocha msaidizi hujifunza bila kamera kumwelekea. Derek Fisher naye alitoka kucheza moja kwa moja hadi kuifundisha New York Knicks mwaka 2014, na Februari 2016 akafukuzwa kabla msimu wa pili haujaisha.

Linganisha na Tyronn Lue. Alistaafu 2009, akaanza na kazi ya maendeleo ya wachezaji Boston, akapita kwenye usaidizi, akapewa Cleveland Januari 2016 na kutwaa ubingwa mwaka uleule. Šarūnas Jasikevičius, bingwa wa EuroLeague, mashindano makubwa ya klabu za Ulaya, mara nne kama mchezaji, alimaliza uchezaji na klabu ya Žalgiris ya Lithuania 2014, akabaki hapohapo kama msaidizi, na Januari 2016 akakabidhiwa timu. Mwaka 2025 alilibeba kombe hilohilo kama kocha wa Fenerbahçe.

Wapo watakaomtaja Steve Kerr, ambaye hakuwa amewahi kuwa msaidizi na bado alichukua ubingwa na Golden State Warriors katika msimu wake wa kwanza wa ukocha, 2014–15. Lakini alikuwa amepita kwenye umeneja mkuu wa Phoenix na miaka ya uchambuzi wa televisheni, na alipoanza alimweka kando yake Alvin Gentry, aliyekwisha kuwa kocha mkuu, na Ron Adams kwa ulinzi. Akiba ya uzoefu alikuwa nayo, tena nyingine aliiajiri. Kwa asiye na akiba hiyo, misimu miwili ya usaidizi ni kiwango cha chini.

Chumba cha video

Ukipewa nafasi ya kuanzia chumba cha video, ichukue, hata kama jana ulikuwa nahodha. Erik Spoelstra aliingia Miami Heat kupitia mlango huo mwaka 1995 na kufika ukocha mkuu 2008.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Chukua mechi tatu au nne za karibuni za mpinzani. Tenga mashambulizi yao kwa aina: baada ya mpira wa kurushwa kutoka pembeni, baada ya mapumziko, piki na roli ya katikati (mtu anamwekea skrini mwenye mpira kisha anageuka kukimbilia kikapu), piki na roli ya pembeni, shambulizi la haraka. Utapata klipu 40 au zaidi. Punguza hadi 12. Hapo ndipo mchezaji wa zamani hujikwaa: kwake kila klipu ina somo. Mchezaji aliyeketi mbele ya skrini huanza kupotea baada ya dakika 15, na anachokumbuka usiku wa mechi ni mambo mawili au matatu. Kila klipu iwe ya sekunde 8 hadi 12, na kabla hujabonyeza, sema nini cha kutazama: "Mtazame beki wa pembeni, si mwenye mpira."

Hesabu mbili usizokwepa

Ya kwanza ni mashambulizi. Pointi peke yake hudanganya, kwa sababu timu inayokimbia hufunga nyingi na kufungwa nyingi. Chukua idadi ya majaribio ya vikapu, ongeza mitupo huru mara 0.44, toa rebaundi za kushambulia (mipira iliyokosa kikapu na kudakwa tena na timu iliyotupa), ongeza mipira iliyopotezwa. Timu iliyojaribu mara 60, ikapata mitupo huru 20, rebaundi za kushambulia 10 na kupoteza mipira 14, imekuwa na mashambulizi 60 + 8.8 − 10 + 14, yaani 72.8. Ikiwa ilifunga pointi 80, ni kama 110 kwa kila mashambulizi 100. Wiki iliyotangulia ilifunga 88 kwa mashambulizi 84, sawa na 105. Ubao wa matokeo unasema ilishuka, kumbe ushambuliaji umepanda. Kocha asiyefanya hesabu hii hubomoa mfumo unaofanya kazi.

Ya pili ni dakika. Mechi ya kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ina dakika 40, mara watu watano, jumla 200. Zigawe kwa penseli kabla ya mechi: 32, 30, 30, 28 na 26 kwa wanaoanza, hiyo ni 146. Zimebaki 54. Mpe mmoja 20, mwingine 18, mwingine 12, na wa tisa 4. Wamekwisha. Kati ya wachezaji 12, watatu hawagusi sakafu, na hao watatu ndio wanaoamua hali ya chumba cha kubadilishia nguo. Mwambie kila mmoja ana kwa ana kabla ya siku ya mechi, na umwambie kitu gani hasa kikibadilika ataingia: mlinzi fulani akifikisha faulo mbili mapema, au wapinzani wakiingia ulinzi wa eneo, ambapo kila beki analinda sehemu yake badala ya mtu. "Kuwa tayari" si maelezo.

Sekunde 60

Kwa kanuni za FIBA una mapumziko ya kuomba 2 nusu ya kwanza na 3 nusu ya pili, na yasiyotumika nusu ya kwanza hayahamishwi. Saa ya robo ya nne ikifika 2:00, yaani zimebaki dakika mbili, hata kama ulikuwa nayo yote matatu, yanayobaki ni mawili. Kwa hiyo tumia moja kabla ya hapo.

Kila moja ni dakika moja, na kengele hulia sekunde ya 50. Sekunde 10 za kwanza zungumza na wasaidizi wako huku wachezaji wakikaa na kunywa maji. Sekunde 30 zinazofuata ni zako: jambo moja la ulinzi, jambo moja la ushambuliaji. Zilizobaki, kila mchezaji aseme kwa kinywa chake yuko wapi.

Tuseme umebakiza sekunde 14 na mpira unarushwa kutoka pembeni, upande wa kikapu cha wapinzani. Namba 4 anarusha. Namba 2 na 3 wanasimama kwenye kona mbili za uwanja. Namba 5 yuko kwenye ncha ya mstari wa mtupo huru. Namba 1 anaanzia chini ya kikapu, anapanda akimpitia 5 aliyeweka skrini, anapokea juu ya mstari wa pointi tatu, na 5 anageuka palepale kumwekea skrini ya pili. Hiyo ni mistari mitatu kwenye ubao, na mstari wa nne tayari ni fujo. Kinachoharibika mara nyingi si mchoro: ni kwamba mrushaji ana sekunde 5 tu, namba 1 amekabwa, na hakuna aliyeambiwa pasi ya pili inaenda kwa nani. Taja mtu huyo kwa jina kabla hawajainuka.

Jambo jingine dogo: ni kocha mkuu au msaidizi wa kwanza anayeruhusiwa kubaki amesimama, mmoja kwa wakati. Kubalianeni mapema. Faulo mbili za kiufundi zako binafsi zinakutoa nje, na mchezaji wa zamani aliyezoea kubishana na waamuzi huzikusanya upesi.

Mazoezi, na marafiki wa zamani

Panga dakika 90 kwa maandishi: 10 za kupasha mwili na mpira, 15 za kutupa, 20 za wawili kwa wawili na watatu kwa watatu, 25 za watano kwa watano, 10 za hali maalumu za mwisho wa mechi, 10 za mitupo huru wakiwa wamechoka. Ukisimamisha zoezi, ongea chini ya dakika moja. Na usiingie kucheza. Ukifunga, umewaonyesha wewe ni nani, na wao hawajajifunza lolote. Ukikosa, ni mbaya zaidi.

Uliocheza nao jana watakuita kwa jina la utani. Waache. Lakini acha kula nao kila jioni, na usimtume mmoja wao apeleke ujumbe kwa wengine. Siku utakayompunguzia dakika rafiki, mweleze wewe mwenyewe kabla hajaiona kwenye karatasi.

Baada ya kushindwa, chumbani ongea dakika mbili, ratiba ya kesho na asante, basi. Usiku huohuo unadhani unajua nani kakosea. Tazama video kwanza: mara nyingi aliyepitwa mwisho ndiye aliyekuwa akiziba kosa la mwenzake aliyelala sekunde tatu nyuma.