Kuendelea Kutembea Ukiwa na Maumivu ya Neva: Namna ya Kukabili Hofu, Huzuni na Mawazo

Mtu aliyeishi na kisukari kwa miaka mingi anaweza kuanza kuhisi nyayo zikiwaka moto, zikichomachoma au zikifa ganzi, hasa usiku. Hali hiyo hutokana na neva (mishipa ya fahamu) zilizoharibika, na maumivu yakizidi miezi 3 huhesabiwa kuwa sugu. Maelezo haya yanamhusu mgonjwa ambaye ameshapimwa na kuanza tiba, lakini ameacha kutembea.

Kusema kwamba mawazo huathiri maumivu si kusema kwamba maumivu ni ya kubuni. Mwaka 1965 watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba taarifa za maumivu, zikifika kwenye uti wa mgongo, zinaweza kupunguzwa au kuachiwa zipite, na kwamba ubongo wenyewe una sauti katika uamuzi huo. Hofu, sonona (ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu) na usingizi mbovu hudhoofisha uwezo wa ubongo wa kuzipunguza. Ndiyo maana amitriptilini, dawa iliyoanza kama tiba ya sonona, huandikwa kwa dozi ndogo hata kwa mgonjwa wa neva asiye na sonona. Aliyepewa asidhani kwamba daktari amemwona ana matatizo ya akili.

Anza kwa kulikamata wazo linalokuja kabla hujainuka kitini, uliandike kama lilivyo. Mara nyingi litakuwa, “Nikitembea nitaziharibu neva zaidi.” Kisha lipime: katika ugonjwa huu kinachoendelea kuziharibu neva ni hasa sukari kubaki juu, ilhali kutembea kwa kiasi husaidia kuishusha. Wazo la kweli zaidi litakuwa, “Nitaumia kidogo, lakini kuumia huku si kudhurika.” Usiandike hivyo, hata hivyo, kabla mhudumu wa afya hajakagua miguu yako, kwa sababu mguu wenye ganzi hauhisi kidonda, na mwenye kidonda kwenye wayo hapaswi kuukanyagia kwa mazoezi. Vaa viatu vilivyofunika vidole, kagua nyayo kila urudipo, na ikiwa unatumia insulini au glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari), beba kitu chenye sukari, isije ikashuka mno ukiwa njiani.

Sehemu ngumu zaidi, na kwa maoni yangu yenye faida kubwa kuliko zote, ni kuacha kuyaruhusu maumivu ya siku yakupangie kazi. Wengi siku ya nafuu hufua, hudeki na kwenda sokoni kwa mkupuo mmoja, kisha hulala siku mbili wakiugulia, na ubongo hujifunza kwamba kila kazi huleta adhabu. Kwa siku 3 pima dakika unazotembea kabla maumivu hayajapanda, tafuta wastani, kisha uupunguze kidogo. Ikiwa wastani ni dakika 10, anza na 8. Tembea dakika hizo siku ya nafuu na siku ya kawaida, usimame kwa kufuata saa hata ukijiona una nguvu. Baada ya wiki ongeza dakika moja au mbili. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima, lakini hicho si kipimo cha kuanzia.

Mwenye huzuni husubiri apate hamu ndipo atoke, na hamu haiji. Panga saa na mahali pa kwenda, iwe msikitini, kanisani au kwa jirani, uondoke saa hiyo ikifika. Hamu mara nyingi huja baadaye. Ndugu wanaosema, “Pumzika mama, tutakufanyia,” waombe wakusindikize badala ya kukutumikia. Huzuni ikidumu wiki mbili, mweleze mhudumu wa kliniki. Ukijiwa na mawazo ya kujiua, mwambie mtu siku hiyohiyo na muende hospitali.

Siku maumivu yanapopanda ghafla, kwanza angalia kama kuna kidonda, uvimbe, joto au udhaifu mpya wa mguu, na ukiona dalili hizo nenda hospitali bila kungoja. Usipoziona, gawanya dakika zako katika vipande viwili vyenye mapumziko katikati, kisha rudi kwenye kiwango chako baada ya siku mbili au tatu.